UMEME NI HAKI YA WANAOYATUNZA MAJI

Askari aliye lindoni usiku mjini Kigali huziona taa zikimeta kilima hadi kilima. Sehemu ya mwanga huo hutoka mbali na mji, katika kinamasi cha Rugezi, kaskazini mwa Rwanda. Maji ya Rugezi huingia Ziwa Burera, kisha huporomoka kwenda Ziwa Ruhondo, na njiani huzungusha mitambo ya Ntaruka, iliyojengwa mwaka 1959 ikiwa na uwezo wa megawati 11.25. Yakitoka Ruhondo, huendesha mitambo ya Mukungwa, ya megawati 12, iliyoanza kazi mwaka 1982. Umeme huo hauchomi mafuta wala hautoi moshi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mambo yaliharibika. Kinamasi kilikuwa kimechimbwa mifereji ili kilimwe, udongo wa vilima ulikuwa ukimomonyoka, mvua zilipungua, na mitambo yenyewe haikupata matunzo ya kutosha. Maji ya Ziwa Burera yakashuka, hata ilipofika mwaka 2004 Ntaruka ilikuwa ikitoa sehemu ndogo tu ya uwezo wake. Serikali ikalazimika kukodi jenereta za dizeli. Fedha za kigeni zikateketea, na bei ya umeme ikapanda.

Ndipo hatua kali zikachukuliwa. Kilimo na malisho ndani ya kinamasi vikapigwa marufuku, na sheria ya mazingira ya mwaka 2005 ikalitia nguvu jambo hilo. Desemba mwaka huo huo Rugezi iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, unaolinda maeneo oevu duniani. Maji yakarudi ziwani, na mitambo ikapata nguvu tena.

Ushindi huo ulikuwa na gharama, na hapana budi kuuliza ni nani aliyeilipa. Aliilipa mkulima aliyepoteza shamba lake bondeni, na mama aliyekatazwa kukata nyasi za kulisha ng'ombe na kusuka mikeka. Walifundishwa kufuga nyuki na kutumia majiko yanayobana kuni, na hilo lilisaidia. Lakini mzinga wa nyuki si shamba. Tena wakati huo nyumba zenye umeme nchini hazikufika 10 katika kila 100, na nyingi zilikuwa mijini. Aliyeyalinda maji alikaa gizani. Aliyewashiwa taa hakujua hata jina la kinamasi.

Tangu hapo yamefanyika mengi. Mwaka 2017 bei ya umeme kwa nyumba zisizozidisha uniti 15 kwa mwezi ilipunguzwa kutoka faranga 182 hadi 89 kwa uniti. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba nyumba 61 katika kila 100 zilikuwa na umeme, wa gridi au wa jua. Hata hivyo taa si jiko. Familia nyingi vijijini zingali zinapika kwa kuni, na moshi wake huvutwa na akina mama na watoto. Sera ya nishati safi isiyofika jikoni mwa maskini ni sera iliyoishia njiani.

Jambo hili linawahusu askari moja kwa moja. Polisi wa Rwanda wamekwisha kuvifikishia vijiji umeme wa jua, na wanajeshi hushika majembe pamoja na raia siku ya umuganda. Lakini amri ya kuwaondoa watu kinamasini inapotolewa, raia humwona kwanza askari, si mtunga sheria. Amri hiyo ikieleweka, tena ikifuatwa na faida inayoonekana nyumbani, mwananchi mwenyewe huwa mlinzi. Anayeambiwa ayalinde maji huku akibaki gizani atayaona kuwa mali ya wengine. Anayewashiwa taa na maji hayo atayalinda bila kusimamiwa.