Kukomaza tangi la samaki

Kukomaza tangi la samaki ni kuotesha bakteria wenye manufaa katika tangi jipya la nyumbani. Kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6.

Samaki hutoa amonia, hasa kupitia matamvua. Mabaki ya chakula yakioza huiongeza. Bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, na bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo sumu yake ni ndogo. Amonia huunguza matamvua, na nitriti huzuia damu kubeba oksijeni. Ndiyo maana samaki wanaweza kufa katika wiki za kwanza ingawa maji yanaonekana safi.

''Nothobranchius steinforti'', samaki mdogo aliyeelezwa kisayansi mwaka 1977, anatoka Kimamba, wilaya ya Kilosa. Huishi katika madimbwi ya msimu, ambayo matope yake yana bakteria tayari. Kioo kipya hakina. Tena sumu ya amonia huzidi maji yakiwa ya moto, jambo la kuangaliwa katika tambarare za Kilosa na Mikumi.

Samaki wakiwa tayari ndani ya tangi:
* wawe wachache, walishwe kidogo;
* amonia na nitriti zipimwe kila siku; zikionekana, robo ya maji ibadilishwe;
* maji ya bomba yaondolewe klorini kwanza;
* sifongo ya chujio isuuzwe kwa maji yaliyotolewa tangini, kwani klorini huua bakteria.

Tangi limekomaa amonia na nitriti zikibaki sifuri huku nitrati ikipanda. Hapo samaki wengine huongezwa kidogokidogo.