Mbia Mpya Hapokelewi kwa Mdomo Tu

Katika wilaya za Kibaha na Kisarawe, mkoa wa Pwani, muhogo ni chakula na pia ni biashara. Mashine ya kusaga haikosi kazi. Lakini mashine ni ghali. Ndiyo maana watu wawili au watatu huungana wakaimiliki pamoja. Huu ndio ubia.

Tuchukue mfano wa watu watatu wa Mlandizi. Wa kwanza ametoa fedha taslimu, shilingi 1,500,000. Wa pili ametoa mashine kuukuu. Wa tatu ametoa mbao na mabati ya banda. Je, mashine na banda ni shilingi ngapi? Swali hili lijibiwe siku ile ile, si baada ya miaka miwili. Fundi ameikagua mashine, wote wamekubali shilingi 900,000. Banda wamekubali shilingi 600,000. Jumla ni shilingi 3,000,000. Wameandika daftarini tarehe, jina, kitu na thamani yake. Kila mmoja ametia sahihi. Asiyejua kuandika ametia dole gumba.

Wasipoandika mapatano yao, Sheria ya Mikataba ya mwaka 1961 inasema faida igawanywe sawasawa. Hasara pia. Basi aliyetoa 1,500,000 atapata sawa na aliyetoa 600,000. Ugomvi mwingi wa wabia huanzia hapo.

Miaka miwili imepita. Mkulima wa Maneromango, Kisarawe, ameuza korosho zake. Anataka kuingia na kupata robo ya biashara. Kwa sheria hiyo hiyo, ni lazima wote watatu wakubali, ila kama mapatano yao yanasema vingine. Wawili wakikubali na mmoja akakataa, mgeni haingii.

Wakikubali, wasitazame mtaji wa zamani. Wahesabu mali iliyopo leo. Mashine, banda, fedha na madeni wanayowadai wateja ni shilingi 4,000,000. Wao wenyewe wanadaiwa 400,000. Zinabaki 3,600,000. Hizi ndizo robo tatu. Robo moja ni 1,200,000, na hiyo ndiyo atakayotoa mgeni.

Wangetumia hesabu ya zamani, yaani 3,000,000, mgeni angetoa 1,000,000 tu. Mali yote ingekuwa 4,600,000, na robo yake ni 1,150,000. Angepata 150,000 za jasho la wenzake bila kutoa kitu!

Naye mgeni ana haki ya kuliona daftari la madeni kabla ya kutoa fedha. Asione haya kuliomba. Mbia hudaiwa deni la biashara hata kwa mali yake ya nyumbani, mbuzi na baiskeli pia.

Ikiwa biashara ina jina lililosajiliwa, wabia wapeleke habari za mbia mpya BRELA, wakala wa serikali unaosajili majina ya biashara. Nakala moja ya mapatano akae nayo kila mbia.