Kigezo cha Kuanzisha Jenasi Mpya ya Tegu wa Papa na Taa

Mtafiti anapopasua utumbo wa taa na kukuta tegu asiyelingana na maelezo ya jenasi yoyote inayojulikana, swali la kwanza si jina atakalompa. Ni iwapo tofauti aionayo inadhihirisha nasaba ya pekee, au ni umbo lililojitokeza zaidi ya mara moja katika nasaba mbalimbali.

Historia ya tegu wenye kulabu inaonyesha uzito wa swali hili. Tegu wa jenasi Acanthobothrium, wanaopatikana hasa katika taa, na wale wa jenasi Pedibothrium, waishio katika papa wa sakafuni mwa bahari, wana viungo vinne vya kunatia kichwani, kila kimoja kikiwa na kulabu. Kwa muda mrefu waliwekwa katika familia moja, Onchobothriidae. Mwaka 2014, kwa kuzingatia vinasaba, Janine Caira na wenzake walianzisha oda ya Onchoproteocephalidea. Acanthobothrium iliingizwa humo pamoja na tegu wa samaki wa maji baridi, amfibia na reptilia, wasio na kulabu za namna hiyo. Pedibothrium ilibaki nje. Kulabu pekee, basi, hazikutosha kuthibitisha nasaba.

Kwa msingi huo, jenasi mpya yahitaji ushahidi wa aina tatu. Kwanza ni maumbile: kichwa kichunguzwe kwa hadubini ya elektroni, na pingili pevu zitiwe rangi ili mpangilio wa korodani na ovari uonekane. Pili ni vinasaba: kipande kidogo cha tegu kitolewe DNA, na sehemu iliyobaki ihifadhiwe, ili umbo na vinasaba vitokane na mnyama yuleyule. Tatu ni mwenyeji: kwa kuwa spishi nyingi za tegu hawa huishi katika spishi moja tu ya samaki, kumtambua samaki kimakosa hupotosha hitimisho. Picha na kipande cha nyama yake vihifadhiwe pia.

Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama huhitaji jina la jenasi lililotolewa baada ya 1930 liambatane na maelezo bainishi na spishi-aina. Sharti hili lina maana ya kisayansi: jenasi ni dhana tete, na mipaka yake yaweza kubadilishwa na ushahidi ujao. Spishi-aina hulishikilia jina, na vielelezo vilivyowekwa makumbusho humwezesha mtafiti mwingine kuipima dhana hiyo upya.