Piano bila piano: klaviye ya ordinatere ilivyoimba ku Mikelenge

Kununua piano ya umeme inaomba pesa ya miezi mingi ya kariyere. Hapa Kindu tulijaribu njia ingine: ordinatere ya zamani, programu ya bure na klaviye ileile ya kuandikia barua. Tunawaelezea yenye ilitembea na yenye ilikatala.

Mudogo yetu alishuka kutoka Kailo na pesa ndani ya soksi. Alikuwa anachimba kasiterite tangu mwanzo wa mvua. Korali yetu ilikuwa imemuomba piano. Mama naye alikuwa anangoja matole, juu nyumba inavuja pande mbili. Pesa haikufika kwa vyote viwili.

"Yaya, munaniambia nini?" akatuuliza. "Nikinunua piano, mama atalala mu maji. Nikinunua matole, korali watasema niliwadanganya."

Ku nyumba tuko na ordinatere moja ya kubeba, yenye tunaandikia watu mabarua. Tukamujibu: ngoja kwanza juma mbili, tujaribu.

Nota ni namba

Ndugu wasomaji, piano ya umeme yenyewe ni ordinatere ndogo. Ukifinya tushi, hakuna kamba yenye inapigwa. Tushi inatuma namba, na mashini inatengeneza sauti. Tangu mwaka 1983 mashini za muziki zinasikilizana kwa kanuni moja yenye inaitwa MIDI. Do ya katikati ni namba 60. La yenye wanapimia vyombo ni 69, na inatetemeka mara 440 kwa sekunde. Ukipanda nusu-toni moja, unazidisha na 1,0595. Ukipanda hivyo mara 12, unafika 880: ni la ingine, ya juu.

Basi kama nota ni namba, tushi yoyote inaweza kuituma, hata ya kuandikia barua.

Tulichukua Csound, programu ya bure yenye Barry Vercoe aliandika ku MIT, Marekani, katikati ya miaka ya 1980. Inakubali mashini zenye hazina nguvu. Mule unaandika chombo kwa maneno: sauti ianze namna gani, ishuke namna gani, iwe laini ao kali. Unakipa namba yake. Kisha unaambia programu ichunge klaviye: mutu akifinya S, amusha chombo 1 na nota 62.

Tatizo ya kwanza ikaanzia palepale. Mifano yenye tulipata iliandikwa kwa klaviye ya Waingereza, yenye mustari wa katikati unaanza na A. Klaviye zetu za Kifaransa ziko na Q pale. Usipobadilisha, do inapotea. Tukapanga hivi: Q S D F G H J K ni do re mi fa sol la si do. Z E T Y U, za mustari wa juu, njo tushi nyeusi.

Matata yenye ilitukesha

Tulipofinya tushi na kuishika, sauti ikatoka ta-ta-ta-ta. Ni juu ordinatere inarudilia herufi, kama vile unaona "aaaa" ukilalia klaviye. Dawa yake: programu iangalie, kama tushi hii tayari iko chini, isiamushe chombo tena.

Ya pili ilikuwa kuzima. Kawaida mu Csound unasema mbele nota itadumu sekunde ngapi. Lakini mupigaji hajui mbele. Njo maana unaandika muda wa hasi, maana yake: shika mpaka nikuambie. Na kila nota ipate jina lake: 1.060, 1.064, 1.067. Bila hiyo, nota mupya inakula ya zamani, na huwezi kupata akordi.

Ya tatu, sauti ilichelewa nyuma ya kidole. Ordinatere inatayarisha sauti kwa mafungu. Kwa sampuli 44 100 kwa sekunde, fungu la sampuli 4096 linachukua karibu sehemu 93 za sekunde 1000, na sikio inasikia ule uchelewo. Tulishusha mpaka 512, karibu sehemu 12. Ukishusha kupita pale mashini inaweza, sauti inapasuka-pasuka.

Ya ine haina dawa mu programu. Klaviye za bei ndogo hazioni tushi fulani tatu zikifinywa pamoja, juu nyuzi za chini zinagawanyika njia moja. Tulihamisha akordi zingine kwa tushi zingine. Tena, ufinye polepole ao kwa nguvu, sauti ni ileile. Tulitumia mishale ya juu na ya chini kwa kuongeza na kupunguza sauti.

Kufanya muziki na ordinatere ya kawaida si kichekesho. Ku Dar es Salaam vijana wa singeli wanafanya vile. Sisso Studios iko mu mutaa wa Mburahati, na mwaka 2017 muziki yake ilitoka mu mukusanyo "Sounds of Sisso", ikasikilizwa mupaka Ulaya.

Siku ya majaribio

Siku ya posho umeme ulikatika katikati ya wimbo. Baflu kubwa ikanyamaza, lakini ordinatere iliendelea na batri yake, na korali wakaimba na sauti ndogo ya ndani. Mama mumoja wa soprano akasema: "Iko juu sana, munatuua." Tukapunguza namba 2 kwa mustari mumoja, na wimbo wote ukashuka toni moja.

Mupiga piano muzee alijaribu pia. "Inatosha kwa kufundisha sauti," akasema. "Lakini haisikii mukono yangu." Iko na haki. Kwa ndoa kubwa tutaazima piano. Kwa mazoezi, hii inatosha.

Mudogo yetu alitaka kuona ndani. Tulipofungua, tukamuonyesha madoa yenye kungaa, yenye yanashika vipande ku sahani: ni soude, na mara mingi ndani yake kuko étain, yenye inatoka mu kasiterite. Tukamuelezea kama tantale ya koltan nayo inaingia mu vipande vidogo vya kuweka umeme. Akaangalia muda murefu.

"Kumbe mulikuwa na kazi yetu humu ndani," akasema.

Alinunua matole, akarudi Kailo na programu ndani ya flash. Mama bado hajasikia korali na hicho chombo. Siku ya Mungu mvua ilinyesha, akabaki nyumbani, kusikiliza matole yake.