Kuokoa Picha za Filamu kwa Gharama Ndogo

Katika nyumba nyingi za wazee waliosoma hapa zamani liko kopo au bahasha yenye vipande vya filamu. Wengi hudhani ya kuwa kuziingiza picha hizo katika kompyuta kwahitaji skana ya bei kubwa. Sivyo. Simu yenye kamera, mwanga mweupe na kadibodi vyatosha. Lakini yafaa kufanya haraka, maana filamu nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asetati, nayo huoza kwa joto na unyevu. Dalili yake ni harufu ya siki. Filamu inukayo hivyo husinyaa na kujikunja, wala hapana dawa ya kuirudisha. Tena mvuke wake huziharibu zilizo karibu nayo. Basi zinuseni kwanza! Zinazonuka zitengwe, nazo ndizo za kupigwa picha kabla ya nyingine zote.

Kwa mwanga, tumia tableti au simu ya pili iliyofunguliwa ukurasa mweupe mtupu. Usiilaze filamu juu ya kioo chake, maana kamera itaziona nukta za kioo zimetapakaa katika nyuso za watu. Iinue sentimita 3 hadi 5 juu ya viberiti, katikati ya kadibodi mbili zilizokatwa dirisha la milimita 24 kwa 36, ndio ukubwa wa picha moja ya filamu ya kawaida. Slaidi ina fremu yake, haihitaji kadibodi. Kisha zima taa za chumbani.

Hapa ndipo wengi hushindwa: simu nyingi hazioni sawasawa kitu kilicho karibu mno. Ukiirudisha juu hata filamu ikajaza nusu tu ya upana, umebakiwa na robo ya pikseli ambazo ungalizipata. Dawa ni lenzi ndogo ya kukuza, ile ya kubana juu ya simu. Simu ya pikseli milioni 12, filamu ikijaza upana wote, hutoa picha ya kuchapwa sentimita 20 kwa 30 bila aibu. Ilaze simu juu ya sanduku lenye tundu, na utumie saa ya kamera ili mkono usiitikise. Je, imelala sawa na filamu? Weka kioo cha kujitazamia mahali pa filamu: lenzi ikijiona katikati kabisa, mambo ni sawa.

Vumbi liondolewe kwa mpira wa kupulizia, si kwa mdomo, kwa kuwa mate huacha madoa. Filamu ishikwe kingoni tu. Herufi za ukingoni zikisomeka vizuri, picha nayo haikugeuka kushoto kulia.

Slaidi haina taabu zaidi. Negativu nyeusi-na-nyeupe hugeuzwa mara moja kwa programu yo yote ya picha. Negativu ya rangi ina utando wa rangi ya chungwa, na ukiigeuza hivi hivi watu wote watakuwa wa buluu! Hapana budi kwanza kuionyesha programu ile nafasi tupu iliyo kati ya picha mbili, ili iihesabu kuwa nyeupe. Programu ya bure iitwayo darktable ina sehemu ya kazi hiyo.

Filamu zenyewe msizitupe. Zirudisheni katika bahasha za karatasi, mahali pakavu penye baridi, na nakala za kompyuta ziwe mbili, kila moja nyumba yake.

Tena andikeni majina. Katika slaidi moja ya shule yetu wamesimama wachezaji 11 wa mpira, na pembeni yameandikwa majina mawili tu. Mzee anayewatambua wale tisa na atuandikie.