KIMA CHA CHINI CHA MSHAHARA: KILIO CHA MWAMBAO NA WAJIBU WA ASKARI

Kwa miaka mingi sasa, kila ifikapo tarehe 1 Mei, Sikukuu ya Wafanyakazi, dai moja limekuwa likisikika nchini Burundi: kima cha chini cha mshahara kipandishwe. Dai hilo limekuwa likitolewa na Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi la Burundi, yaani COSYBU, wala halizungumzwi mjini Bujumbura peke yake. Huzungumzwa pia Gitaza, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, ambako wavuvi wa ndagala na mikeke hutia nanga alfajiri, na ambako magari ya mawese ya Rumonge hupita katika Barabara ya Taifa Namba 3.

Huenda askari akauliza jambo hili lamhusu nini. Mshahara wa mwanajeshi na wa polisi hupangwa kwa sheria zao maalumu, na Katiba hairuhusu askari kuunda chama cha wafanyakazi wala kugoma. Hayo ni kweli. Lakini askari hakuzaliwa kambini. Ana baba mvuvi, ana dada mchuuzi wa samaki, ana mdogo wake kibarua wa ujenzi. Ujira wa hao usipotosha, mshahara wa askari mmoja ndio unaogawanywa kulisha nyumba tatu. Isitoshe, ugomvi wa ujira unapozuka mahali pa kazi, askari ndiye aitwaye. Kwa hiyo yafaa alielewe jambo hili kwa undani.

Kima kinachobishaniwa kiliwekwa kwa agizo la Waziri la tarehe 30 Aprili 1988. Agizo hilo lilitamka kwamba kibarua katika miji ya Bujumbura na Gitega asilipwe chini ya faranga 160 kwa siku, na mahali pengine popote nchini asilipwe chini ya faranga 105. Gitaza imo katika fungu hilo la pili. Wakati ule dola moja ya Marekani ilikuwa sawa na faranga 140 hivi. Kibarua wa mjini alipata kiasi kilichozidi dola moja kwa siku. Haukuwa utajiri, lakini ulikuwa ujira wenye maana sokoni.

Tangu hapo imepita zaidi ya miaka 30 bila tarakimu hizo kuguswa. Vita vilivyoanza mwaka 1993 viliivuruga nchi, bei zikapanda, na thamani ya faranga ikashuka mwaka hata mwaka. Mwezi Mei 2023, Benki ya Jamhuri ya Burundi ilipoishusha rasmi thamani ya faranga, dola moja ilifikia takriban faranga 2,800. Kwa hesabu hiyo, faranga 160 za mwaka 1988 zilibaki kuwa chini ya senti 6 za Marekani. Faranga 105 za mtu wa Gitaza hazikufika hata senti 4. Kanuni mpya ya Kazi ya tarehe 24 Novemba 2020 ilichukua mahali pa ile ya 1993, lakini kupitishwa kwake peke yake hakukuzibadili tarakimu hizo.

Wapo wasemao kwamba jambo hilo halina madhara, kwa kuwa hakuna mwajiri anayelipa faranga 105 tena. Ni kweli kwamba ujira wa vibarua huamuliwa kwa mapatano, nao umekwenda mbali sana na tarakimu za 1988. Lakini hapo ndipo penye hatari. Kima cha chini ni ngao ya mtu asiye na nguvu ya kupatana. Tuseme kibarua anapewa faranga 1,000 kwa siku nzima ya kubeba mawe. Akienda kwa Mkaguzi wa Kazi kulalamika kwamba analipwa chini ya kima, ataambiwa kuwa mwajiri wake amelipa zaidi ya mara tisa ya kiwango cha sheria. Mnyonge anashindwa, na sheria iliyotungwa kumlinda ndiyo inayomkinga aliyemlipa ujira duni.

Maoni ya wananchi kuhusu kupandishwa kwa kima hicho ni ya namna tatu. Wafanyakazi wa mshahara wanaunga mkono bila kusita. Waajiri wadogo, hasa wale wenye vibarua wawili watatu, wanahofia kwamba kima kikipanda ghafla watalazimika kupunguza watu, na hofu hiyo haistahili kubezwa, maana mfanyakazi aliyeachishwa hafaidiki na kima kikubwa. Kundi la tatu, ambalo mwambaoni ndilo kubwa kuliko yote, ni la wale wasio na mwajiri wa mwezi: wavuvi, wakulima wa mihogo na michikichi, na wachuuzi. Hawa huuliza: mishahara ikipanda na bei zikaifuata, sisi tutashika wapi?

Swali lao ni la haki. Wahenga walisema mgagaa na upwa hali wali mkavu. Lakini mvuvi wa Gitaza hulipwa kwa kugawana mavuno ya usiku, si kwa siku. Mwezi unapokuwa mpevu, taa za mitumbwi hazivuti ndagala, na usiku huo hakuna mgawo. Kupandisha kima cha chini hakumfikii mtu huyu moja kwa moja. Humfikia kwa njia nyingine: kibarua mwenye ujira bora ndiye anunuaye samaki wake, na kiwango cha sheria huwa kipimo ambacho hata asiye na mkataba aweza kukitaja anapopatana.

Nchi jirani zinatoa mafunzo mawili. Nchini Tanzania, kima cha chini katika utumishi wa umma kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 kwa mwezi hadi 500,000 kuanzia Julai 2025, baada ya kutangazwa Singida siku ya Mei Mosi. Nchi hiyo pia huweka viwango tofauti kwa sekta mbalimbali za watu binafsi, ili duka dogo lisipimwe kwa kipimo cha mgodi. Uganda ni funzo la pili. Kima chake cha shilingi 6,000 kwa mwezi kiliwekwa mwaka 1984. Bunge lilipitisha muswada wa kukibadili mwaka 2019, lakini Rais hakuutia sahihi. Kima kikiachwa muda mrefu mno, kila mwaka unaopita hukifanya kiwe kigumu zaidi kurekebishwa, kwa sababu pengo la kurukwa huzidi kupanuka.

Basi ni dhahiri kwamba kupandisha tarakimu mara moja na kuisahau kwa miaka mingine 30 si dawa. Kinachohitajika ni kima kinachopitiwa kila baada ya muda maalumu, kwa mashauriano ya Serikali, waajiri na wafanyakazi; na mashauriano hayo ndiyo yanayoelekezwa na Mkataba Namba 26 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1928. Kinahitajika pia kipande kwa hatua ambazo mwajiri mdogo aweza kuzihimili, na wawepo Wakaguzi wa Kazi wa kutosha wa kufika Gitaza, si wa kukaa mjini tu. Sheria isiyo na msimamizi haivuki mlango wa ofisi ilikoandikwa.

Kwa askari, wajibu ni bayana. Kibarua anayedai ujira wake si mhalifu, na mwajiri anayedaiwa si adui. Ugomvi wao una mahali pake: kwa Mkaguzi wa Kazi, na baadaye mahakamani. Askari aitwapo, kazi yake ni kulinda amani na mali, kuwatenganisha wanaotaka kupigana, na kuwaelekeza wanakopaswa kwenda. Hatumwi kumnyamazisha anayedai. Na akumbuke kwamba yule asimamaye mbele yake na mikono yenye sugu, akidai jasho lake, aweza kuwa mdogo wake aliyemwacha nyumbani.