Mkesha wa Mwaka Mpya: Fataki za Dar au Taa za Chanzuru?

Tangu treni ya SGR ilipoanza safari za Dodoma Julai 2024, wakazi wa Chanzuru, Kilosa, wana jambo jipya la kuwaza kila Desemba: kwenda Dar es Salaam kutazama fataki za mkesha. Tupige hesabu kabla ya kuwaahidi watoto.

Nauli ya treni ya kawaida kutoka Kilosa hadi Dar, kwa viwango vilivyotangazwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ni shilingi 18,000. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 hulipa nusu. Baba, mama na watoto wawili, kwenda na kurudi, ni 108,000. Hapo hujamlipa bodaboda wa kukufikisha stesheni, hujala wala hujalala, maana fataki hupigwa saa sita usiku na kurudi ni kesho yake. Mwenye shangazi Mbagala ameokoa pesa ya gesti. Asiye na ndugu ajue kuwa gesti ndiyo itakayommaliza. Kiingilio cha hoteli za ufukweni achana nacho: fataki ikishapanda angani, aliye nje anaiona sawa na aliye ndani. Hata Tokyo, kwenye fataki za Mto Sumida kila Julai, wapo wanaonunua viti na wapo wengi wanaosimama mitaani bure.

Kununua fataki za dukani na kuzilipua uani sikushauri kabisa. Kila mwisho wa mwaka polisi hukumbusha kuwa kupiga fataki bila kibali ni kosa, na pesa yenyewe inaungua kwa dakika chache, karibu na mapaa ya nyasi.

Mimi nachagua taa. Waya wa taa ndogo za LED wa wati 10, ukiwashwa kwa muda wa saa sita kila usiku kwa siku 30, unakula uniti 1.8. Nyumba iliyo kwenye tarifu ya D1, ya wanaotumia umeme kidogo, hulipa kama shilingi 122 kwa uniti, kodi na tozo zikiwemo; mwezi mzima ni 220 tu. Kwenye T1, ya matumizi ya kawaida, uniti ikiwa kama 356, ni 640. Hata waya ukiuziwa 15,000, nauli ile ya Dar inanunua nyaya saba, majirani saba wakawasha. Taa nazo hukusanya watu: mji wa Kobe, Japani, ulianza maonyesho yake ya taa Desemba 1995 kuwakumbuka waliokufa kwenye tetemeko la Januari mwaka huo, na hadi leo watu hukusanyika kupita chini yake.

Ila ukague unachonunua. Mwambie muuzaji achomeke, uone zote zinawaka. Pinda waya pale unapoingia kwenye plagi. Ukiona shaba, mrudishie. Desemba Kilosa ni mvua, kwa hiyo plagi ibaki ndani, taa tu ndizo zitoke barazani. Za sola hazina bili, lakini siku ya mawingu hazishibi chaji na huenda zikazima kabla ya saa sita usiku.

Uamuzi wangu: asiye na ndugu Dar abaki Chanzuru awashe taa. Mwenye ndugu aende, ila akate tiketi mapema, maana treni za mwisho wa mwaka hujaa.